Mradi wa likizo za watoto Dar: shajara ya Machi mpaka Agosti 2025

Machi, mwishoni

Kwa wanaoingia sasa: tunatengeneza huduma ya kumsaidia mzazi wa Dar kupanga likizo ya mtoto wake. Unaandika mtoto ana miaka mingapi, mnakaa wapi, unaingia kazini saa ngapi na unatoka saa ngapi, kwa wiki unaweza kutoa shilingi ngapi, afu inakupa ratiba ya wiki nzima, kuogelea, mpira, kuchora, maktaba, makumbusho, na unalipia hapohapo kwa simu. Basi. Jina bado, mwenzangu anayeandika programu ana lake na mi nina langu na yote mawili mabaya.

Hesabu iliyotuingiza huku ni hii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, na mara nyingi bosi ndo anasema uzichukue lini. Mtoto wa shule ya msingi ana mwezi mzima kuanzia mwanzoni mwa Juni, ana Desemba yote mpaka Januari shule zikifunguliwa, na kuna vile vipande vya katikati ya muhula. Hata baba na mama wakigawana, wewe chukua Juni mi nachukua Desemba, bado zinabaki wiki hazina mtu. Hizo wiki watu wanaziziba na nini, ndo tulitaka kujua kabla hatujaandika kitu kikubwa.

Tukatengeneza fomu, tukairusha kwenye magrupu ya wazazi. Waliojaza wa kuhesabu. Mzazi wa Dar hajazi fomu, anakutumia voisi ya dakika nne akiwa kwenye foleni ya Buguruni na nyuma unasikia kabisa konda anaita watu wa Gongo la Mboto. Kwa hiyo karibu kila nitakachoandika humu nimekiokota kwenye voisi na kwenye kukaa na watu barazani, ile fomu tumeshaifuta.

Aprili, wiki ya kwanza

Mambo yameanza kujirudia. Swali la kwanza la karibu kila mzazi ni mtoto atakuwa na nani. La pili, chakula mnatoa? La tatu, mnaachia saa ngapi? Watoto watafanya nini huko ni swali la nne au la tano, na wengine hata hawafiki.

Kuna mama mmoja wa Tabata voisi yake tumeirudiarudia sana. Alisema hivi: "Mdogo wangu, hiyo ya kuchora saa tatu mpaka saa sita ni nzuri kabisa, Mungu awabariki, ila mi saa tatu niko Posta tangu saa moja na nusu, na saa sita bosi wangu siwezi kumwambia nakwenda kumchukua mtoto kwenye kuchora. Sa huyo mtoto analetwa na nani, anarudishwa na nani, na akirudi saa sita mpaka jioni anakaa na nani? Si bora abaki tu na dada nyumbani aangalie katuni."

Sina jibu la kumpa huyu mama kwa sasa. Serikalini kazi ni saa moja na nusu mpaka saa tisa na nusu, sekta binafsi saa mbili mpaka saa kumi na moja, weka foleni ya kwenda na kurudi, mtu wa Chanika au Bunju anatoka nyumbani giza na anarudi giza. Shughuli ya masaa matatu kwa huyu mtu haimsaidii kitu, tena inamwongezea kazi ya kutafuta usafiri wa katikati ya mchana. Wanaoweza kuitumia ni wenye dereva nyumbani, na hao kusema ukweli wana mipango yao tayari.

Mwenzangu anasema basi tuwauzie hao wenye dereva. Mi nasema hao ni wachache, na shule wanazosomesha kalenda yake ni tofauti kabisa, shule nyingi za kimataifa za Masaki na Oysterbay zinafunga katikati au mwishoni mwa Juni na kufungua Agosti, wakati serikali na Ingilishi midiamu za kawaida wanafunga mwanzo wa Juni na Julai ya mwanzoni washarudi darasani. Mji mmoja, likizo mbili, zinakutana wiki kama mbili tu hivi. Ukiandaa kitu cha wote unakuta kundi moja limeshaondoka na lingine ndo kwanza linafunga. Tumekubaliana Juni hii tunafanya kalenda ya serikali tu.

Aprili, baadae

Mshindani wetu nimemjua. Ni bibi. Bibi hatozi hela, analisha vizuri, yupo saa ishirini na nne, mtoto anarudi amenenepa na anajua kilugha maneno mawili matatu. Kila nikiuliza Juni iliyopita mtoto alikuwa wapi naambiwa Moshi, Tanga, Singida, Bukoba, Lushoto. Hakuna ratiba yoyote ya kuchora na kuogelea itakayomshinda bibi wa Lushoto na sitaki kujaribu.

Ila hapo kuna kitu. Wazazi wengi wametuomba, tena bila kuulizwa, tuwasaidie kumfikisha mtoto kwa bibi. Yani mtu mzima wa kuaminika wa kukaa nao kwenye basi kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi mpaka wapokelewe upande wa pili. Sasa hivi wanafanyaje? Wanatafuta jirani anayesafiri, au mtu wa kanisani, au wanamkabidhi mtoto kwa konda na namba ya simu imeandikwa kwenye daftari. Mwenzangu macho yakamng'aa, anasema hii ndo biashara yenyewe, watu wako tayari kulipa leo. Mi nimekataa na nitaendelea kukataa. Basi la usiku wa kuamkia Bukoba likipata matatizo njiani na mle ndani kuna watoto wanne wa watu wako chini ya kijana niliyemwajiri wiki iliyopita, hiyo sio hasara ya biashara, hiyo ni jela na laana ya mama wanne. Mjadala umefungwa, japo najua ataurudisha.

Mshindani wa pili ni tyusheni. Darasa la saba wana mtihani wa taifa Septemba, darasa la nne wana upimaji wao Oktoba, kwa hiyo hao Juni yao imeshauzwa, ukimwambia mzazi wa darasa la saba habari za kuogelea anakuangalia kama umemtukana. Baba mmoja wa Mbezi Beach aliniambia wazi, "Kijana, mpaka Septemba mi na mtoto wangu hatujui kucheza." Tukawatoa darasa la saba kwenye hesabu zetu zote. Rafiki yetu wa Nairobi alicheka aliposikia, kwao sheria ya elimu ya msingi ya 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, japo na yeye anakiri watu wanasoma kimyakimya majumbani.

Mei

Mwezi wa kuongea na watoa huduma. Makocha wa mpira, walimu wa sanaa, mwalimu wa kuogelea, jamaa wa kompyuta na roboti. Karibu wote wako upande mmoja wa mji, Masaki, Mikocheni, Oysterbay, Mbezi Beach. Watoto wako Tabata, Mbagala, Kimara, Goba, Gongo la Mboto, Kigamboni. Tulipoweka pointi kwenye ramani, nyekundu watoto na buluu shughuli, mwenzangu akadhani programu imeharibika maana rangi hazigusani kabisa. Programu ilikuwa nzima.

Mama mmoja wa Kigamboni ametuandikia kwa kifupi: "Kila kitu chenu kipo ng'ambo. Mnataka mtoto wa miaka saba apande pantoni kila asubuhi?" Haki yake.

Sasa hapa ndo limekuja wazo ambalo sio letu, limetoka kwa mwalimu mkuu msaidizi wa shule moja ya binafsi huko Tabata, tulimfuata atusaidie kusambaza matangazo kwa wazazi. Akatusikiliza akamaliza chai yake akasema, sa nyie mnahangaika kuwapeleka watoto Masaki kwa nini, hapa kwangu likizo nina madarasa matupu, uwanja mtupu, jiko limefungwa, matroni yuko nyumbani bila posho, na basi mbili za shule zimepaki mwezi mzima dereva analalamika. Leteni hao makocha wenu hapa.

Tulirudi nyumbani hatuongei. Kila kitu anachouliza mzazi kipo pale, uzio, geti, mlinzi, vyoo vya watoto, jiko, basi, na mtu mzima anayejulikana mtaani kwa jina. Na vyote havina kazi wiki zilezile ambazo mzazi anavihitaji. Kumleta kocha mmoja Tabata kwa bajaji ni elfu chache, kuwapeleka watoto thelathini Masaki ni msafara.

Usalama. Niliongea na mama mmoja wakili, akatubana sana na namshukuru. Kwanza taarifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo huwezi tu kukusanya majina, shule, na picha za watoto wa watu ukaziweka kwenye simu ya mtu, na lazima ujisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tukapunguza tunachokusanya: jina la kwanza, umri, mzio na dawa, namba mbili za wazazi, nani anaruhusiwa kumchukua. Basi, jina la shule tumeliondoa maana halitusaidii kitu.

Pili akauliza makocha mmewachunguzaje. Nikasema kwa kujiamini kabisa, tunachukua nakala ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, wadhamini wawili na barua ya serikali ya mtaa. Akasema barua ya mtaa hata yeye anaweza kuipata leo jioni kwa mtu yeyote nitakayemtaja. Anachotaka yeye ni kingine: mtoto asiwe peke yake na mtu mzima mmoja hata dakika tano, mzazi aruhusiwe kuingia muda wowote bila kupiga simu kwanza, na watoto wenyewe waambiwe siku ya kwanza kuhusu namba 116, ile simu ya bure ya kumsaidia mtoto. Zote tatu zimeingia kwenye mkataba wa kila kocha. Kocha mmoja alijitoa aliposoma ile ya mzazi kuingia muda wowote, akasema inamvurugia mazoezi. Sawa, safari njema.

Picha ni ugomvi unaoendelea. Nusu ya wazazi wanataka picha ya mtoto kila siku wamuone anacheza, nusu wanasema mkirusha sura ya mwanangu Instagram tutaonana polisi. Kwa sasa picha inaenda kwa mzazi wa mtoto husika tu, na kwenye matangazo tunaweka uwanja, mipira na migongo.

Juni, wiki ya kwanza na ya pili

Tumeanza. Idi ya kuchinja imeangukia wikiendi ileile shule zilipofunga, kwa hiyo wiki ya kwanza nusu ya watoto hawajaja, wako kwa babu zao wanakula nyama, na Jumatatu wengine wamekuja wamechoka hoi. Mwakani Idi itasogea nyuma, haitatugusa hivi, ila nimeiandika kwa sababu ratiba yoyote ya Dar isiyoangalia kuandama kwa mwezi inapotea. Na madrasa pia, watoto wengi wana madrasa alasiri, tukaweka mapumziko kuanzia saa tisa kwa wanaokwenda na basi inawashusha mlangoni pa madrasa. Hicho kitu kidogo kimetuletea wazazi wengi kuliko tangazo lolote tulilolipia.

Kituo ni kimoja tu, palepale Tabata. Saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Uji asubuhi, chakula mchana, tunda jioni. Katikati kuna mpira, kuchora, kusoma vitabu, rede, kompyuta kidogo. Kina baba wote wanataka kompyuta na roboti. Watoto wote wanataka mpira na rede. Kompyuta tumeweka asubuhi ili kina baba wafurahi, na mpira tukaupa muda mrefu zaidi.

Fidibaki nzuri kuliko zote haijatoka kwa mzazi. Imetoka kwa dada wa kazi wa nyumba moja, yeye ndo anamleta mtoto getini kila siku. Alisema mzazi analipia, lakini ratiba inamkuta yeye. Akiambiwa kesho mtoto aje na nguo za kuogelea, anaambiwa usiku saa tatu mama akirudi, na nguo ziko chafu. Na apu yetu hana, ana kitochi, ile simu ndogo ya kawaida. Akaomba ujumbe wa kawaida tu wa simu, saa kumi jioni, "kesho mtoto aje na taulo na ndala." Mwenzangu aliandika hicho kitu usiku uleule na ndo sehemu ya programu yetu inayotumika kuliko zote, ile kalenda nzuri yenye rangi hakuna anayeifungua. Huyohuyo dada akauliza, "Na mi siku hizo nafanya nini, maana mtoto akiwa huku mama ananiongezea kufua mapazia." Tulicheka, ila sijui tumjibuje, hilo ni la bosi wake.

Juni, nusu ya pili

Safari. Tulikuwa na orodha ndefu, tukafanya chache.

Bahari tumefuta. Juni ni kusi, upepo una nguvu, mawimbi ya Coco sio ya kuchezea na watoto thelathini, na maji yanapwa na kujaa kwa tofauti kubwa sana, saa nne unaona mchanga mpaka mbali na saa kumi pote pamejaa. Baadhi ya wazazi walilalamika kwamba mtoto wa Dar ataishi Dar bila kuona bahari, nimewaelewa, ila kuogelea ni kwenye bwawa lenye mwokoaji, bahari tutaenda kuiangalia tukiwa tumevaa viatu.

Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi, ile iliyofunguliwa 1967, ina sehemu ya watoto na ni bei ndogo. Nilidhani watachoka nusu saa. Kuna mtoto alikataa kuondoka mpaka amalize kitabu chake cha hadithi na ikabidi basi imsubiri, wenzake wakamzomea njia nzima.

Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert. Mi nimejiandaa na maelezo yote ya fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, nimesoma usiku, nimeandika kwenye karatasi. Wakapita pale kama upepo. Walichosimama nacho ni magari ya viongozi wa zamani, Nyerere alikuwa anakaa siti ya wapi, dereva wake alikuwa nani, lilikuwa linakwenda spidi ngapi. Makumbusho ya Kijiji kule Kijitonyama wao wamefurahi zaidi kwa sababu nyumba za makabila unaingia ndani, na kila mtoto alitaka kuonyeshwa nyumba ya kwao, mtoto wa Kihaya akawa anawatembeza wenzake kwenye msonge utafikiri kodi ya pale inaingia kwake.

Treni ya SGR ndo imevunja rekodi. Dar mpaka Morogoro mtu mzima elfu kumi na tatu daraja la kawaida, mtoto wa miaka minne mpaka kumi na mbili nusu yake, na chini ya saa mbili uko Moro. Ilipoanza 2024 kila mzazi alisema atawapeleka watoto wake na wengi hawajawapeleka mpaka leo, muda haupo. Kwa hiyo tumeuza siku moja, kwenda asubuhi kurudi jioni, chakula Morogoro, na hatukuongeza kitu kingine chochote. Watoto hawajali Morogoro ina nini. Wanataka kuona treni inapita juu ya daraja, wanataka kuona namba ya spidi kwenye skrini, na choo cha kwenye treni kimetembelewa na watu wasiokuwa na haja. Mwenzangu alitaka tuongeze kupanda mlima kidogo Uluguru. Nikamwambia we panda, sisi tunakusubiri stesheni.

Wazazi wanaotaka kitu hiki tena ni wengi na hii haina ugomvi kwenye bei. Bei ya kituo ndo ina ugomvi.

Bei

Naiandika peke yake kwa sababu imetuumiza kichwa kuliko programu.

Tulikuwa tunatoza kwa wiki. Wazazi wanataka kwa siku. Nikadhani ni ubahili, mpaka baba mmoja akanifafanulia mtiririko wa hela ya nyumba ya mfanyakazi: mshahara wa Mei umelipa madeni ya Mei, mshahara wa Juni unaingia likizo inakaribia kuisha na ada ya muhula wa pili inagonga mlango Julai, kwa hiyo likizo yenyewe inakuja katikati pakavu kabisa. Desemba ni mbaya zaidi, Krismasi, nauli za kwenda kijijini zinapanda, afu Januari ada, sare, madaftari, viatu. Mtu hana laki moja ya wiki mbili mbele, ila ana elfu kumi ya leo na akiipata ya kesho atailipa kesho.

Kwa siku tunashindwa kupanga chakula, asubuhi hujui watakuja ishirini au hamsini. Tumefika katikati: unalipa siku tatu tatu, kwa lipa namba, M-Pesa, Airtel Money, Mixx ambayo kila mtu bado anaiita Tigo Pesa, na mwisho wa kulipia ni saa mbili usiku ili mpishi ajue.

Afu kina mama wa kikoba kimoja cha Segerea, kikundi chao cha kuweka na kukopeshana, wametuletea kitu chao wenyewe. Wanataka kikoba kilipie watoto wa wanachama wote Desemba kwa mkupuo, wao watakatana polepole kuanzia Septemba, na sisi tuwape punguzo. Tumewapa. Kwetu hiyo ni hela ya kununulia mchele mapema kabla bei haijapanda, kwao ni likizo iliyokwishalipwa kabla ya fujo za Krismasi. Mwenzangu ameshaanza kuandika ukurasa wa vikoba. Hii ndo mara ya kwanza tunakubaliana bila kelele.

Julai

Shule zimefunguliwa, Sabasaba inaendelea mpaka tarehe 13 na nusu ya watoto wetu tumekutana nao kule Barabara ya Kilwa wakiwa wamebeba maputo. Nimetumia hizi wiki kupiga simu kwa wazazi mmoja mmoja.

Kuna kundi sikulitegemea kabisa. Wazazi wa watoto wa bweni. Mtoto yuko bweni Morogoro au Pwani tangu darasa la tano, maana tangu 2023 serikali imekataza bweni kwa wa chini ya hapo, anarudi Juni nyumbani Kimara na mtaani hana rafiki hata mmoja. Wenzake wa shule wametawanyika mikoani, watoto wa jirani wanasoma pamoja wana stori zao, dada wa kazi ni mpya hamjui. Mama mmoja alisema mwanae wiki nzima ya kwanza alikuwa anauliza shule inafunguliwa lini. Alipoanza kuja kituoni siku ya tatu akawa na genge lake la rede, na mama hajali kabisa tuliwafundisha nini. Hawa ndo wamelipa kwa wakati, hawakukosa siku hata moja, na wote wameuliza Desemba. Kwenye tangazo lijalo nawaandikia wao kwanza.

Watoto pia tuliwauliza, kwa kuchora na kwa kuongea. Wengi: chakula kizuri ila maharage yapungue. Mmoja wa miaka tisa: "Mbona kila tukitaka kwenda mahali mnatupanga mstari, ni likizo." Tukalijadili hilo kwa uzito unaostahili. Mstari utabaki barabarani tu, ndani ya geti waende wanavyotaka.

Malalamiko yaliyojirudia kwa wazazi: basi kuchelewa jioni, hilo ni foleni ya Mandela na tutatoa gari mapema, watoto wakubwa wa miaka kumi na mbili kuchoshwa na michezo ya wadogo, hilo ni kweli na tunafikiria kuwapa kazi ya kuongoza vikundi na mafunzo ya mapishi na ufundi, na baba mmoja kulalamika mwanae amerudi na msemo wa mtaani ambao siwezi kuuandika hapa. Kwa huyo tumepiga simu ya pole. Msemo nimeutafutia maana yake, ni mbaya kweli.

Agosti

Tulipofikia. Ile programu ya kuchagua shughuli moja moja tumeiweka pembeni, haijafutwa ila hatuiendelezi. Kinachoendelea ni vituo kwenye shule za binafsi zilizofunga, saa moja mpaka saa kumi na mbili, chakula ndani, basi la shule ileile, kocha anafuata watoto. Programu inabaki na kazi nne: kusajili, kulipa, ujumbe wa saa kumi jioni, na orodha ya nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Mwenzangu kanuna siku mbili hivi kwa ajili ya kalenda yake yenye rangi afu akapoa.

Suala la leseni ya mabasi, kwamba basi la shule likienda safari nje ya njia yake ya kila siku linahitaji kibali gani, tumelipeleka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa maandishi, bila jibu hatutoki nje ya Dar na basi la shule, treni tutapanda kama watu wengine. Fomu za Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi zimeshajazwa.

Desemba tunafungua vituo viwili, Tabata na Mbagala. Joto litakuwa kali na mvua za vuli zinaweza kuwa hazijaisha, kwa hiyo darasa moja linabaki wazi kwa siku za mvua na michezo ya uwanjani ni kabla ya saa nne na baada ya saa kumi. Kigamboni bado hatuna. Kama kuna mwenye shule upande ule ana uzio, jiko, na vyoo vya watoto wadogo, na Desemba hana mpango navyo, bei tunaongea, na matroni wake tunamlipa sisi.